Mkono wa Refa Techera

Pale La Teja, mtaa wa Montevideo unaonuka mafuta ya kiwanda hata siku ya Pasaka, ni wanaume wachache waliofika uzeeni bila kuonyeshwa kadi nyekundu na Ademar Techera. Aliwatoa uwanjani mafundi bomba, walimu wa shule, shemeji zake wawili kwa mkupuo mmoja, na padri kijana aliyekuwa akiichezea timu ya parokia kwa rafu ambazo hata waliokwenda kuungama kwake walizionea haya. Siku za kazi Ademar alikuwa mwoka mikate. Jumapili alikuwa refa wa ligi ya mtaa, na ukimuuliza mwenyewe, mikate ilikuwa njia tu ya kuingojea Jumapili.

Watu walikuja uwanjani kumtazama yeye kama walivyokuja kuutazama mpira. Kadi yake haikutoka kwa pupa. Kwanza alipuliza filimbi, ndefu, mpaka mbwa wakaitikia. Kisha akatembea, hakukimbia, hadi kwa mkosaji. Vidole viwili vya mkono wa kulia vikazama mfukoni mwa shati taratibu kama vinatoa yai chini ya kuku anayeatamia, mkono ukapanda, ukanyooka kama mlingoti, kidevu kikainuka, naye akafumba macho. Kwa nini alifumba macho, hakuna aliyejua. Mkewe, Nelba, alisema ni utamu.

Basi mkono huohuo ndio uliomgomea. Asubuhi moja ya baridi alikuwa akikanda unga, akaona donge limekaidi. Akaligombeza. Akamgombeza na aliyeleta unga, ingawa hakuwepo. Hatimaye akatazama vizuri, akaona ni mkono wa kushoto peke yake unaohangaika. Wa kulia umelala ndani ya donge, umetulia, kama mgeni aliyepitiwa na usingizi mezani. Akataka kumwita Nelba, mdomo ukatoa sauti ya bata.

Ni kiharusi, madaktari walisema, na bahati yake si kikubwa. Mshipa mdogo ulikuwa umeziba ndani ya ubongo, upande wa kushoto, mahali ambapo nyuzi zinazouamuru mkono wa kulia hupita zimebanana. Mguu ulirudi kazini. Ulimi ulirudi upesi kuliko alivyotarajia mtu yeyote. Mkono ukabaki unaning'inia.

"Mungu ana mambo yake," Nelba aliwaambia majirani waliokuja kumjulia hali mgonjwa. "Ila kati ya mkono na mdomo, angeniuliza kwanza mimi."

Mtaani yalisemwa mengi, lakini lililochoma lilitoka kwa Olegario Bentancor, mwenye bucha ya kona, ambaye pia alikuwa kocha wa timu ya Estrella. "Mungu naye ni refa," alisema huku akipasua mfupa. "Kaziona dhuluma za ule mkono miaka yote, leo kautoa nje." Maneno hayo yalimfikia Ademar kabla nyama ile haijafungwa kwenye karatasi.

Uadui wao ulianzia kwenye fainali. Mpira uligonga mwamba, ukaanguka chini, ukarudi uwanjani. Olegario aliapa umevuka mstari kiasi cha kupitisha kondoo. Ademar akasema haukuvuka. Olegario akagusia mama yake Ademar, Ademar akagusia mfuko wake wa shati, na tangu siku hiyo hawakusemezana ila uwanjani, ambako walisemezana vya kutosha. Ademar aliapa kutotia mdomoni nyama ya bucha ile. Nelba akawa anakwenda kununua bucha ya mbali, ng'ambo ya kijito, na Ademar kila akila alitikisa kichwa: "Unaona? Hii ndiyo nyama. Ya yule mwizi ina ladha ya kamba ya kiatu."

Hospitalini alipewa mazoezi. Akapewa mpira laini aukamue, hakuukamua. Akapewa maharagwe ayahamishe kutoka bakuli hadi bakuli. Maharagwe yakahamia sakafuni. Kilichomuuma zaidi ni mate. Msomaji asikunje uso: mate ya kule ni majani machungu ya kumiminiwa maji ya moto ndani ya kibuyu na kufyonzwa kwa mrija, na mtu wa Montevideo huenda nayo kila mahali, themosi imebanwa kwapani kama mtoto. Mkono wa kushoto hubana, wa kulia humimina. Sasa Ademar alikuwa akimiminiwa na mkewe mbele za watu, naye alikuwa akitazama kando, kama mtu anayevalishwa suruali.

Ndipo akakutana na Daktari Ximena Larralde. Alikuwa mwanamke kijana, mwembamba, mwenye miwani iliyokuwa ikimteleza puani, na alikuwa akichunguza wagonjwa wa kiharusi kwa kupiga picha ubongo wao wakati wanaposogeza mkono, au wanapojaribu.

"Kabla hatujaanza, daktari," alisema Ademar, "wewe ni shabiki wa timu gani?"

"Sina timu."

Ademar akamtazama Nelba. Kule mtu anaweza kukosa dini, hata kukosa meno, lakini timu? Nelba akamkanyaga mguu ili anyamaze.

"Mzee Ademar," daktari akaeleza, "mashine yenyewe ni sumaku kubwa. Haichomi, haitoboi. Inatazama damu inavyokimbia kichwani. Sehemu ya ubongo ikifanya kazi, damu inaikimbilia, nasi tunaiona kwenye picha. Utakunja mkono wa kushoto, nione ni wapi amri inatoka. Halafu utakunja wa kulia."

"Haukunjiki, binti yangu. Ungekunjika ningekuwa nakanda mikate."

"Najua. Utawaza tu kwamba unaukunja."

"Kuwaza tu?"

"Kuwaza tu. Ubongo ukiwa bado unaikumbuka njia, tuna pa kuanzia."

Ademar akamgeukia mkewe kwa ushindi. "Umesikia? Na wewe husema mtu aliyekaa akiwaza hafanyi kazi."

Mlangoni pa mashine kulizuka mgogoro. Ademar alikuwa na filimbi ya shaba shingoni, ile ya kazi, na alikuwa akioga nayo. Mpiga picha wa mashine ile akamwambia avue kila kitu cha chuma na madini.

"Hii haivuliwi."

"Mzee, humo ndani ni sumaku. Sisi haturuhusu hata pini ya nywele."

"Mimi nimepigiwa kelele na uwanja mzima na sikuivua. Nitaivua kwa ajili ya sumaku?"

Mpiga picha akamwelekeza kwa kidole ndoo ya chuma ya mfagiaji, ambayo siku moja mtu aliisogeza karibu mno, na sasa ilikuwa pale konani imebonyea kama chungwa lililokanyagwa. Ademar akaitazama ndoo. Akaishika filimbi. Akaivua, akamkabidhi Nelba kwa mkono wa kushoto, na uso aliokuwa nao ni wa mzazi anayemwacha mtoto shuleni siku ya kwanza.

Wakamlaza, wakamziba masikio, wakamfunika kichwa kwa kitu kama kofia ya mabondia chenye kioo mbele ya macho, wakamsukuma ndani ya bomba. Kelele zikaanza: ni kama mtu anagonga debe, halafu anakumbuka ana ugomvi na debe lile, anarudi kuligonga kwa hasira. Kwenye kioo yakatokea maneno. KUNJA. PUMZIKA. KUNJA. PUMZIKA. Mkono wa kushoto ukafanya kazi yake. Kisha likaja neno jipya: WAZA.

"Nimewaza!" akapiga kelele Ademar.

Sauti ya daktari ikatoka kwenye kipaza sauti: "Mzee, usiseme. Ukisema kichwa kinatikisika, picha zinaharibika."

"Sawa, sisemi."

"Hata hilo usiseme."

"Sasa utajuaje kama nimekusikia?"

Chumba cha pili, nyuma ya kioo, Nelba alikuwa amekaa na filimbi mapajani. "Binti," akamwambia daktari kwa upole, "wewe unayo mashine ya kumnyamazisha? Maana mimi ningenunua."

Picha zilipotoka, daktari aliwaita wote wawili. Ubongo wa Ademar ulikuwa pale kwenye skrini, wa kijivu, umekunjamana. Alipokunja mkono wa kushoto, doa la rangi ya machungwa liliwaka upande wa kulia, juu, pale panapostahili, kwa sababu mikono na ubongo vimepishana. Alipouwaza mkono wa kulia, upande wa kushoto ulikaa kimya. Kilichowaka kilikuwa kisogoni.

"Kisogoni ndiko ubongo unakofanyia kazi ya kuona," alisema daktari. "Ulikuwa ukiwaza vipi?"

"Vizuri kabisa. Niliuona mkono wangu unakunjwa na kukunjuliwa, kama kwenye televisheni."

"Ndiyo hapo. Ulikuwa mtazamaji. Mimi nataka uwe ndani ya mkono. Usiuone, uhisi uzito wake, vidole vinavyobana, mshipa unavyovuta. Uwe mchezaji."

"Mimi si mchezaji," alisema Ademar, na sauti yake ilikuwa baridi. "Mimi ni refa."

Nelba alikuwa akitafuna biskuti aliyopewa na mpiga picha. "Basi mwambie atoe kadi," alisema.

Daktari, ambaye hakujua lolote la mpira, aliuliza kadi gani. Wakamweleza wote watatu kwa pamoja, mpiga picha akiwa wa tatu, maana naye alikulia mtaa wa jirani na alikwishatolewa uwanjani akiwa na miaka kumi na saba. Alisimama akaigiza: filimbi, mwendo, mfuko, mlingoti, kidevu, macho.

Wakamrudisha Ademar ndani ya bomba. Mara ya kwanza picha ziliharibika zote.

"Mzee, umefanya nini? Kichwa kimeruka!"

"Kidevu. Kadi haitoki bila kidevu."

Wakamwekea sponji mashavuni hata akafanana na panya aliyeiba karanga, wakamsihi kadi hii aitoe bila kidevu, kwa mara moja tu katika maisha yake. WAZA, likasema neno. Na kwenye skrini, upande wa kushoto, juu, pale palipokuwa kimya kama kanisa siku ya Jumatatu, likatokea doa. Dogo, la rangi ya machungwa. Likazimika kwenye PUMZIKA. Likawaka tena kwenye WAZA, safari hii kubwa zaidi, na daktari akasahau usomi wake akapiga meza kwa kiganja.

Alipomtoa alimuuliza, "Ulikuwa unamwonyesha nani kadi?"

"Hakuna mtu. Refa hana upendeleo."

"Mzee Ademar. Kuna mara doa lilikuwa dogo na mara lilikuwa kubwa. Kwa ajili ya kazi yangu nahitaji kujua."

Ademar akatazama dari. Akatazama ndoo. "Mara za mwanzo nilimwonyesha padri," alisema. "Mara za mwisho, Olegario."

Daktari akawafafanulia polepole, wasije wakaenda nyumbani na imani mbovu. Picha si dawa. Picha inaonyesha tu kwamba amri bado inatolewa kichwani na kwamba zimebaki nyuzi chache za kuishusha. Kazi ni kila siku kuiwaza ile kadi kwa moyo wote, na papo hapo kuusukuma mkono uifuate, tena na tena, mpaka nyuzi zilizobaki zizoee mzigo. "Na ukiwaza bila moyo," alimalizia, "ni bure."

Nelba hakungoja hata kuingia ndani. Alishuka basi, akampeleka mumewe hadi mlangoni, akasema anakwenda kununua kitunguu, akaelekea moja kwa moja bucha ya kona.

"Olegario, nataka uje nyumbani kumtukana mume wangu."

Olegario alikuwa mtu mkubwa, mwenye shingo kama ya ng'ombe wake, na alishika kisu hewani. "Shangazi Nelba, mimi nilishasema maneno yale ya Mungu, nikajuta. Nisamehe."

"Sitaki ujute. Nataka uendelee. Daktari kasema."

Alikuja siku ya pili, mchana wa mvua, amechana nywele na maji, amevaa shati la harusini. Ademar, aliyekwisha kuelezwa mpango, alikuwa ameketi jikoni, mkono wa kulia juu ya meza kama mkate usioumuka. Olegario akasimama katikati ya jiko, mikono mbele, akiminya kofia.

"Habari ya mchana, Bwana Refa."

"Nini hicho?" Ademar akamuuliza Nelba. "Ndiyo matusi hayo?"

"Siwezi hivi hivi, jamani!" Olegario aliona aibu kweli. "Bila mechi, bila mpira, mama mwenye nyumba kasimama hapa na mwiko? Nipeni nafasi nijipashe." Akavuta pumzi. "Wewe... wewe refa, huoni vizuri."

"Mtoto wa chekechea angesema zaidi," alisema Ademar.

"Mama yako..." Olegario alianza, kisha akakumbuka kwamba mama yule alishafariki, na kwamba yeye mwenyewe alibeba jeneza. "Mungu amrehemu, alikuwa mama mwema."

Nelba akaona mambo yanaharibika. Akaweka mezani sahani ya maandazi bapa, yale ya siku za mvua, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Hivi ule mpira wa fainali, ulivuka au haukuvuka?"

"Ulivuka!" alinguruma Olegario, na shingo ikawa nyekundu. "Ulivuka kipofu wewe, ulivuka kiasi cha kupitisha kondoo na mchungaji wake! Mtaa mzima uliona! Mbwa waliona! Wewe ulikuwa unatazama wapi, unga ulikuingia machoni?"

Ademar akafumba macho. Kidevu kikapanda. Na juu ya meza, kidole gumba cha mkono wa kulia kikajikunja kidogo, kama mdudu aliyeguswa na jua, kisha kikalala tena.

Wote watatu walikitazama kidole. Kisha Olegario, kwa sauti nyembamba, akauliza, "Niendelee?"

Akawa anakuja kila alasiri baada ya kufunga bucha. Alimtukana Ademar kwa makosa ya kweli na ya kubuni: penalti alizonyimwa, mabao yaliyofutwa kwa kuotea, muda wa nyongeza, mstari uliochorwa kombo mbele ya shule. Gumba likapata mwenzake, kidole cha shahada. Mkono ukaanza kuteleza mezani kuelekea kifuani, polepole, kama konokono aliyeitwa. Wakati wa mapumziko walikunywa mate, Nelba akimimina, na hapo ndipo siku moja Olegario akasema, mdomo ukiwa umejaa andazi, "Shangazi, ule mkia wa ng'ombe wa Jumanne ulikuwa laini? Nilikuchagulia mwenyewe."

Ademar akaweka kibuyu chini. "Mkia gani?"

Nelba akaanza kufuta meza ambayo haikuwa na uchafu.

"Nelba. Nyama ya ng'ambo ya kijito..."

"Ng'ambo ya kijito walifunga zamani," alisema Nelba. "Mwenye duka alihamia kwa mwanawe. Ulitaka tule kabichi?"

Siku ile mkono ulifika hadi kwenye kifungo cha pili cha shati, na hawajawahi kukubaliana kama ni kwa hasira ya Olegario au ya mkia.

Lakini matusi ni kama kisu: yakitumika kila siku bila kunolewa hupoteza makali. Olegario alianza kuja na soseji. Alianza kusema "kipofu wangu." Akimaliza kutukana, aliuliza kama Ademar amelala vizuri. Na Ademar, ikifika alasiri, alikuwa akitazama saa na kumwambia Nelba aweke maji motoni, huyu mwizi anachelewa leo. Mkono ukakwama pale kwenye kifungo cha pili, hausongi mbele.

Waliporudi kupigwa picha, daktari alikaa muda mrefu mbele ya skrini, miwani ikimteleza.

"Doa limefifia," alisema. "Ulimwonyesha yuleyule?"

"Yuleyule."

"Kwa hasira ileile?"

"Namchukia sana," alisema Ademar, na masikio yakawa mekundu.

"Picha haiwezi kuniambia unamchukia au unampenda nani," alisema daktari. "Inaniambia tu kwamba mkono hauitwi kwa nguvu kama mwanzo."

"Anampenda," alisema Nelba, na akachukua biskuti.

Ademar alishuka kitandani kama mtu aliyefumaniwa. Njia nzima ndani ya basi hakusema neno, jambo ambalo Nelba aliwasimulia majirani kuwa ndilo tiba kubwa kuliko zote alizopata katika hospitali ile.

Baada ya hapo Olegario hakuonekana. Alasiri ya kwanza maji yalichemka yakapoa. Ya pili vivyo hivyo. Ademar akasema afadhali, masikio yake yanapumzika. Akasema hivyo mara nyingi. Ya tatu, mlango ukagongwa, Olegario akaingia na lile shati la harusini, amechana tena nywele na maji, hana soseji.

"Nina jambo," alisema, na hakuketi. "Ligi walinijia. Estrella wamepata kocha mwingine, kijana aliyesomea. Na uwanja hauna refa tangu wewe uugue. Wakaniambia, Olegario, wewe sheria unazijua, maana umeshazivunja zote." Alimeza mate, ya mdomoni. "Nimekubali. Jumapili naanza."

Ademar hakuelewa mara moja. "Unaanza nini?"

"Kuchezesha. Urefa."

"Wewe?"

"Nilitaka unisikie mwenyewe, usiambiwe na watu. Na nilitaka kukuomba..." Hapo Olegario alifanya kosa. Filimbi ya shaba ilikuwa imening'inia kwenye msumari karibu na jiko, kwa sababu siku hizi kamba ilimsumbua Ademar akiwa kitandani. Olegario aliitungua, akajivika shingoni ajipime, na kabla hajamaliza ombi lake, pengine kwa woga tu, akaipuliza.

Nelba anasema hakuona mkono ulivyoondoka mezani. Aliona tu kwamba umefika. Vidole vya Ademar, vilevile vilivyokuwa vikikwama kwenye kifungo, vilikuwa vimeikamata kamba ya filimbi chini kidogo ya kidevu cha Olegario. Havikuwa na nguvu, kifaranga angechomoka. Lakini Olegario alishtuka, akainama mbele, na uzito wake mwenyewe ukamfanya aanguke kwa viwiko juu ya meza, pua kwa pua na refa.

"Umeshika!" alisema Olegario, akikabwa. "Ademar, umeshika!"

"Nimeshika," alisema Ademar, akiutazama mkono wake kana kwamba ni wa jirani.

"Basi achia."

Ademar alijaribu. Vidole vilizidi kukaza. Alijaribu tena, uso ukamvimba, vidole vikakaza zaidi. "Haviachii."

"Ademar, acha mzaha."

"Si mzaha! Nimesahau kuachia!"

Nelba aliwatazama: mmoja ameinama kama ng'ombe kwenye hori, mwingine amemshika kama mnunuzi mnadani. Akavuta kiti, akaketi, akajimiminia mate. "Kaeni hivyohivyo kidogo," alisema. "Sijapata kuwaona nyote wawili mmetulia." Alipomaliza kibuyu chake, alikunjua vidole vya mumewe kimoja kimoja, akivipangusa unga wa andazi.

Daktari Ximena alipigiwa simu, akacheka mpaka akaomba radhi. Akasema ni kawaida: mkono uliopooza ukirudi, hujifunza kukamata kwanza, na kuachia huwa ndiyo shule ngumu. Sasa walihitaji wazo jingine, la kukunjua. "Ni kitu gani mkono wako umezoea kuachia?" alimuuliza walipokwenda kwake.

Ademar alifikiri sana. Adhabu hakuwahi kuachia hata moja. Nelba hakumsaidia, aliketi akingojea. Mwishowe Ademar akasema, kama anayeona haya, "Unga." Alfajiri, kabla ya kulitupa donge mezani, mwoka mikate huchota unga kiganjani na kuunyunyiza: mkono unapita, vidole vinafunguka vyote kwa pamoja, meza inakuwa nyeupe. Alikuwa amefanya hivyo maisha yake yote na hakuwahi kulifikiria.

Ndani ya bomba, safari ile, hakufumba macho na kidevu hakikutaka kupanda. Doa liliwaka, tulivu. Mpiga picha aliwachapia nakala kubwa, na Nelba akaitundika sebuleni karibu na picha yao ya harusi. Wageni wengi huuliza koliflawa ile ilipata tuzo gani.

Mechi ya Olegario ilichezwa Jumapili ya baridi kali. Shati la urefa lilimbana hata tumbo likaonekana lina maoni yake. Ademar alikaa kando ya mstari kwenye kiti cha kukunja, themosi kwapani, na kwa nusu saa alijizuia. Kisha Olegario akaiachia rafu ya wazi ipite mbele ya pua yake.

"Kipofu!" akaruka Ademar. "Rudi ukakate maini! Umeuza ubongo kwa kilo?"

Olegario akapuliza filimbi mpya ya plastiki. Akatembea, hakukimbia. Akafika mbele ya kiti.

"Mtazamaji haonyeshwi kadi," alimwahi Ademar. "Soma sheria, mjinga wewe. Kadi ni ya waliomo mchezoni!"

"Ni kweli," alisema Olegario baada ya kufikiri. "Basi nakuomba uende nyumbani, mzee wangu, la sivyo nasimamisha mechi."

Uwanja mzima ulishangilia kama bao. Ademar alikunja kiti, taratibu, mkono wa kulia ukishika ukingo kwa shida, akaondoka kifua mbele.

"Mbona mapema?" Nelba aliuliza alipomwona anaingia nyumbani.

"Nimetolewa."

Nelba hakuuliza kwa nini. Alikuwa na bakuli la machenza mapajani, ya msimu, yenye maganda malegevu, akamsukumia moja. "Kaa basi, fanya kazi."

Ademar alilimenya kwa mikono yote miwili. Mkono wa kushoto ulitaka kumaliza upesi, wa kulia ukawa unachelewa nyuma, unabana mno, unasahau, unakumbuka. Maji ya chenza yalimwingia jichoni, kwenye mikono ya shati, mengine yakaruka hadi kwenye kioo cha dirisha. Alipomaliza, kilichobaki hakikuwa chenza wala sharubati. Akamnyooshea mkewe kwa mkono wa kulia, na baada ya kuhangaika kidogo, vidole vikafunguka.

Nelba akatia mdomoni, akatafuna, akatema mbegu kiganjani.

"Chungu kidogo," alisema. "Menya jingine."

Ademar akalichukua la pili.